Kabla ya mabango kuna faili

Swali lenu la wiki hii ni umoja wa kitaifa wa wanafunzi unamsaidia nini mwanafunzi wa kawaida, au kazi yake ni maandamano na kutuandalia wanasiasa wa kesho tu. Najua wengi watajibu kwa hasira na wana sababu zao, siwalaumu, ila mimi nimewahi kukaa kwenye dawati la malalamiko la serikali ya wanafunzi, lile dawati ambalo hakuna anayeligombania kwenye uchaguzi maana halina safari wala posho, kwa hiyo naomba nijibu kutokea pale.

Kwa kifupi, mimi naona kusaidia wanafunzi na kufanya kampeni ni kazi moja. Umoja usiosikiliza kesi za mtu mmoja mmoja hauna cha kwenda kumwambia waziri, na ukienda mikono mitupu unapewa chai, mnapiga picha ya pamoja, mnarudi.

Chukua mwanafunzi kazuiwa kuingia kwenye mtihani kwa sababu ada haijakamilika, na haijakamilika kwa sababu mkopo haujaingia, na mkopo kwa nini haujaingia hakuna anayejua. Kashapita uhasibu kaambiwa nenda ofisi ya mikopo, ofisi ya mikopo kaambiwa subiri, na mtihani ni kesho kutwa. Akifika kwako anataka kusimulia yote tangu mwanzo, unamwacha kidogo maana kachoka, ila wewe unachotaka ni karatasi: barua ya kupewa mkopo, tarehe aliyosaini, namba ya usajili, picha ya skrini inayoonyesha deni. Halafu unafungua kitabu cha kanuni za mitihani, kile ambacho kila mtu aligaiwa wiki ya kwanza akakitupia begini, unatafuta kifungu kinachosema nani ana mamlaka ya kumruhusu mwenye deni afanye mtihani kwa ahadi ya maandishi. Mara nyingi kifungu kipo, na mara nyingi wa dirishani hakijui, au anakijua ila foleni imemzidi. Mnaandika barua ya nusu ukurasa, mnampelekea mwenye mamlaka mkononi (sio kumwachia katibu muhtasi, itakaa pale mpaka sapu, mitihani ya marudio, zianze), jioni jina linarudi kwenye orodha. Huyo kapona, hakuna kudisko, yaani kuondolewa chuo, na hakuna gazeti litakaloandika.

Shida ni kwamba kesho yake anakuja mwingine na stori ileile, keshokutwa wanakuja watatu. Kwenye chuo kimoja ni rahisi sana watu wote kuamini tatizo ni mhasibu, na mhasibu wa watu anatungiwa mpaka wimbo. Lakini kama kila kesi imeandikwa kwenye jedwali, tarehe, kiasi, nani kajibu nini, na vyuo vingine navyo vimefanya hivyohivyo, siku viongozi wakikutana kwenye kikao cha kitaifa wakaweka majedwali pamoja wanaona tarehe zinafanana, yaani pesa imechelewa vyuo vyote ndani ya wiki zilezile. Hapo mhasibu anatoka kwenye lawama na swali linapanda juu kwa wanaotoa hiyo pesa, na huko juu serikali ya wanafunzi ya chuo kimoja haina hata mlango wa kubisha.

Ndo maana vyombo vingi vya namna hii wanachama wake ni vyama vya vyuo, sio mwanafunzi mmoja mmoja. NUS ya Uingereza iliyoanzishwa 1922 iko hivyo, TAHLISO ya Tanzania nayo inaunganisha serikali za wanafunzi wa vyuo vya elimu ya juu, na ukipanda juu zaidi unakuta hata vyama vya kitaifa vyenyewe vimeungana, kama umoja wa wanafunzi wa Ulaya ulioanzishwa 1982 na vyama vya nchi saba ambao leo unaitwa European Students' Union. Sababu ni ileile kila ngazi, kwamba mambo yanayokubana hayaamuliwi chuoni kwako. Kiwango cha mkopo, bajeti ya elimu, masharti ya viza kwa wanaotoka nje, hayo makamu mkuu wa chuo mwenyewe anayasoma kwenye tangazo kama wewe.

Kuna kitu kingine hakisemwi, nacho ni kumbukumbu. Kiongozi wa wanafunzi anakaa mwaka mmoja, miezi mitatu ya kwanza anatafuta funguo za ofisi na mitatu ya mwisho yuko kwenye mitihani. Upande wa pili wa meza kuna afisa wa wizara ana miaka kumi na tano pale, kashawaona marais wa wanafunzi wakija na kuondoka, anajua kabisa akisema "tunalifanyia kazi" mara mbili tatu mwaka utakuwa umeisha. Umoja wa kitaifa ukiwa na sekretarieti ya kuajiriwa, hata watu wachache tu, wanatunza mafaili, wanajua mwaka juzi waliahidiwa nini na nani alisaini, na kila mwaka wanawafundisha viongozi wapya kusoma bajeti, kuendesha kikao na kumsindikiza mwanafunzi mbele ya kamati ya nidhamu bila kuharibu kesi yake. Kwangu mimi hilo peke yake linatosha kulipia kiingilio cha uanachama.

Sasa kampeni. Watu wakisikia kampeni wanawaza mabango na mabomu ya machozi, na kweli kuna siku za hivyo, ila angalia kesi mbili tatu kwa karibu uone kilichokuwa nyuma yake.

Uingereza, kabla ya uchaguzi wa 2010, NUS walifanya kitu cha akili sana. Waliandika ahadi fupi, kwamba mgombea akiingia bungeni atapiga kura dhidi ya nyongeza yoyote ya ada, wakawatafuta wagombea wasaini, wakawapiga picha wameshika karatasi. Wa chama cha Liberal Democrats walisaini wengi, na kiongozi wao Nick Clegg yumo. Uchaguzi ukaisha, chama kikaingia serikali ya mseto, na serikali hiyohiyo ikaja na mpango wa kupandisha kikomo cha ada kutoka paundi 3,290 hadi 9,000 kwa mwaka. Tarehe 10 Novemba wanafunzi na wahadhiri waliandamana London, wapo waliovamia jengo lenye makao makuu ya chama cha Conservative na kuvunja vioo, na siku iliyofuata habari ikawa vioo badala ya ada. Kura ilipigwa 9 Desemba, 323 kwa 302, ada ikapita. Kwa hiyo wanafunzi walishindwa, tena vibaya. Ila zile picha hazikufa, 2012 Clegg akaomba radhi hadharani kwa ile ahadi, na 2015 chama chake kikashuka kutoka wabunge 57 hadi 8. Sisemi ni ada peke yake ilikiangusha, lakini tangu hapo mwanasiasa yeyote wa kule anajua saini mbele ya wanafunzi ina gharama yake.

Quebec, jimbo la Kanada, 2012 ni kinyume chake na mimi ndo naipenda zaidi. Serikali ya Jean Charest ilitaka ada ipande kutoka dola 2,168 hadi 3,793 kwa miaka mitano. Mgomo ulianza Februari na ukafika mahali wanafunzi laki tatu hivi hawaingii darasani, kila mtu na kipande cha kitambaa chekundu cha mraba kifuani. Kilichowabeba ni mikutano mikuu ya vyama vya vyuo na vitivo, ambako watu wanakaa ukumbini wanabishana kama mgomo uendelee au usiendelee, wanaopinga wanapewa kipaza sauti kama wanaounga mkono, ndipo inapigwa kura, na sehemu nyingi baada ya muda kura inarudiwa upya. Inachosha hiyo, na wapo wanaosema inapoteza muda. Lakini ona faida yake: Mei 5 viongozi walitoka kwenye mazungumzo na serikali wakiwa na makubaliano mkononi, wakayarudisha kwa wanachama, wanachama wakayakataa, na hakuna kiongozi aliyeweza kuwauza maana hakuwa na hayo mamlaka. Serikali ikapitisha sheria ya kubana maandamano tarehe 18 Mei, maandamano yoyote ya watu 50 na zaidi lazima polisi wapewe taarifa angalau muda wa saa nane kabla, na hiyo ikawatoa barabarani hata watu wazima ambao ada haiwahusu kabisa, wanagonga sufuria jioni. Septemba Charest akashindwa uchaguzi, waliokuja wakaifuta ile nyongeza. Mwaka uliofuata wakaweka nyongeza ndogo ya asilimia 3 hivi kwa mwaka, kwa hiyo ushindi haukuwa wa asilimia mia, ila linganisha na ule mpango wa kwanza.

Afrika Kusini 2015 wengi mnaikumbuka, ilianzia Wits, chuo kikuu cha Johannesburg, kwa kukataa nyongeza ya asilimia 10.5, ikasambaa nchi nzima, na ndani ya siku kumi hivi Rais Zuma akatangaza nyongeza ya sifuri kwa 2016. Kasi ile haikutoka ofisi moja ya kitaifa, ilibebwa na serikali za wanafunzi za vyuo, vyama na watu wasio na cheo chochote. Naitaja kwa sababu kuna viongozi wa kitaifa wanaodhani bila wao hakitokei kitu. Kinatokea, tena haraka, ila moto ukipoa ndo unamtafuta wa kukaa kwenye kamati miaka miwili mbele kuhakikisha kilichoahidiwa kimeingia kwenye bajeti.

Upande wa huduma kuna mfano mmoja ambao kila nikiusimulia watu hawaamini. Finland umoja wao, SYL, upo tangu 1921, na huo ndo ulioanzisha huduma ya afya ya wanafunzi. Mizizi yake ni vita dhidi ya kifua kikuu kwa wanafunzi, ikakua mpaka 1954 ikawa taasisi kamili, YTHS, yenye madaktari, meno na afya ya akili, na mpaka leo ipo. Fikiria hilo, chama cha wanafunzi kimezaa huduma ya afya ya nchi nzima kwa wanafunzi! Ufaransa nako UNEF, umoja wa wanafunzi wa kule ulioanzishwa 1907, ilikuwa mstari wa mbele mpaka wanafunzi wakapata mfumo wao wa bima ya afya 1948. Ukiniuliza, hizo ni kampeni kubwa kuliko maandamano yoyote ya barabarani, na zilianza kwa mtu kuhesabu wangapi wanaumwa. Kadi za punguzo la nauli na manunuzi sina la kusema sana, ni nzuri, zinaingizia umoja hela kidogo, ila umoja ukishakuwa unajulikana kwa kadi peke yake ujue umegeuka duka.

Haya, ubaya nao upo na siwezi kuufunika. Wa kwanza ni vyama vya siasa. Kwenye nchi nyingi jumuiya za vijana za vyama zinaugombania umoja wa wanafunzi kama jimbo, mgombea analipiwa vipeperushi na fulana na watu asiowataja, akishinda anadaiwa, na siku chama chake kinapandisha ada utamtafuta kwenye simu hapatikani. Wa pili ni hela. Wengi wanapenda umoja wenye nguvu ila hawapendi kuuchangia, na serikali zinajua hilo. Australia ilipitishwa sheria 2005 ikapiga marufuku vyuo kuwalazimisha wanafunzi kulipia chama, ikaanza kazi katikati ya 2006, na vyama vingi vikapunguza wafanyakazi na huduma. 2011 ikaja sheria nyingine iliyorudisha ada ya huduma, ila inakusanywa na chuo, na kwa miaka mingi chuo ndo kilikuwa kinaamua chama kipate kiasi gani. Hebu fikiria unamdai mtu haki huku yeye ndo anakulipa mshahara.

Mimi sipingi mwanachama kuwa na mlango wa kutokea. Uingereza sheria ya 1994 inampa mwanafunzi haki ya kujitoa kwenye chama cha chuo chake, na 2016 wanafunzi wa vyuo kadhaa, Newcastle na Lincoln wakiwemo, walipiga kura vyama vyao vikajitoa NUS kwa sababu hawakuridhishwa na uongozi. Iliuma, ila umoja ambao hauwezi kuachwa hauna sababu ya kukusikiliza.

La mwisho ni hili la umoja kujiingiza kwenye mambo ya dunia. Wapo wanaosema wanafunzi wazungumzie mikopo na mabweni basi. Nakubali nusu. Miaka ya apartheid NUS ya Uingereza ilikuwa kwenye kampeni ya kuisusia benki ya Barclays kwa sababu ya biashara yake Afrika Kusini, wanafunzi wakakataa kufungua akaunti kule, na 1986 benki ikauza biashara yake ya huko. Hapo wanafunzi walikuwa na haki kabisa ya kusema maana ni hela zao zilizokuwa zinatafutwa na hiyo benki. Kwenye mambo mengine ambayo hela wala jina la mwanafunzi halimo, ipigwe kura kwanza vyuoni, matokeo yatangazwe kwa namba, wangapi wamekubali na wangapi wamekataa, halafu ndo rais wa umoja apande jukwaani.