Bitiruti si ya juisi tu: ninavyoipika mimi, na kwa nini haikosi ndimu

Dada, umeuliza ufanye nini na fungu la bitiruti lililobaki kwenye friji baada ya watoto kuikataa juisi kwa kuwa "inanuka udongo", na baba yao kusema yeye hali dawa mezani. Nimesoma majibu ya wenzangu hapo juu. Karibu wote wanakuambia uongeze karoti, tangawizi na asali kwenye hiyo juisi. Mimi naomba uiweke blenda kabatini kwa wiki moja, uwashe jiko.

Nimezaliwa Lushoto, sasa naishi Tanga mjini, napika nyumbani na napokea oda za shughuli. Kule kwetu milimani bitiruti hukaa shambani pamoja na karoti na kabichi, kwa hiyo nimekua nikiiona. Lakini tulikuwa tunaichemsha, tunatia chumvi, basi. Hatukuipenda. Nilikuja kuipenda ukubwani, hapa Tanga, kwa jirani yangu mama wa Kihindi ambaye wazazi wake walitokea Kerala. Yeye ndiye aliyenifundisha jambo ambalo ndilo jibu langu lote: bitiruti tayari ina sukari yake ya kutosha, ukiiongezea asali unaizamisha. Inachotaka ni kitu kichachu, chumvi ya kutosha na mafuta kidogo.

Watoto wako hawajadanganya kuhusu udongo. Ndani ya bitiruti mna kitu kinachoitwa jiosmini, na ndicho hichohicho kinachonukia mvua ya kwanza inapopiga vumbi. Hata uisugue vipi haitoki yote, ingawa kwenye ganda imejaa zaidi. Lakini uchachu unaivunja. Ndimu, siki, ukwaju, embe bichi, nyanya, mtindi, chochote kati ya hivyo kikigusa bitiruti, harufu ile inapungua na utamu unajitokeza. Na uchachu huohuo ndio unaoshika rangi isififie. Kinyume chake ni magadi na baking powder: ukitia, wekundu unageuka kuwa kahawia iliyochoka. Ndiyo maana keki za bitiruti zinazosifiwa kwenye picha, wengi wakizipika nyumbani hutoka na rangi ya udongo.

Kabla ya mapishi, niseme la kuchemsha, maana hapo ndipo nilipoharibu mimi. Oda yangu ya kwanza kubwa ilikuwa ya sherehe ya kutoa mahari, na waliagiza saladi ya bitiruti. Nikazimenya zote usiku, nikazikata vipande, nikachemsha kama viazi. Asubuhi maji yalikuwa mekundu kama divai na vipande vimepauka, havina utamu wala rangi. Ilibidi nimtume kijana sokoni alfajiri kununua nyingine, na faida yote ya siku ile ikaishia huko. Tangu hapo simenyi kabla. Kata majani ukiacha kikonyo cha urefu wa vidole viwili, acha na kale kamkia ka mzizi, osha taratibu usichubue, chemsha nzima na ganda lake. Za ukubwa wa ngumi huchukua dakika 45 hadi saa moja kwenye sufuria iliyofunikwa. Kwenye presha kuka kama dakika 20. Kisu kikiingia bila kusukuma, zimeiva. Zitie kwenye maji ya baridi, kisha ganda unalivua kwa vidole tu. Vaa mfuko wa nailoni mkononi kama hutaki kucha nyekundu, na ubao wa mbao usugue na ndimu mara moja.

Ukiwa na mkaa, kuna njia bora kuliko kuchemsha. Zipange kwenye sufuria kavu nzito, nyunyiza mafuta kidogo, funika, palia moto juu ya mfuniko kama unavyooka keki ya mkaa, na chini uache makaa machache. Saa moja hivi. Maji yanapungua ndani yake na utamu unakolea, harufu ya udongo inakuwa kama ya kiazi kilichochomwa. Kwangu mimi, bitiruti ya hivyo ikikatwa vipande, ikapigwa chumvi, ndimu na pilipili manga, haihitaji upishi mwingine.

Sasa bitiruti ya nazi, ambayo ndiyo ningependa uanze nayo. Hii ni ya yule jirani yangu. Kwao kusini mwa India, mboga iliyokatwa ndogondogo na kukaangwa na nazi ni chakula cha kila siku, nami nimeibadilisha kidogo kwa mkono wa pwani. Chukua bitiruti 3 za kiasi, mbichi, zimenye (hapa ruhusa, maana haziingii kwenye maji mengi) na uzikate vipande vidogo sana, vya ukubwa wa punje za mahindi. Pasha mafuta vijiko 2, tia kijiko kidogo cha punje za haradali, funika maana zinaruka. Zikianza kutulia tia kitunguu maji kimoja kilichokatwa, kitunguu saumu punje 3, pilipili mbichi moja nzima uliyoipasua, na kama unayapata, yale majani madogo (curry leaves) ambayo Wahindi hukaangia dengu. Kitunguu kikilainika tia bitiruti, manjano robo kijiko kidogo, chumvi. Geuza, tia maji robo kikombe tu, funika, moto mdogo, dakika 15 hadi 20. Onja kipande, kinatakiwa kiwe laini lakini bado kinasimama. Hapo ndipo unatia nazi iliyokunwa kwa mbuzi, kikombe kimoja, isiyokamuliwa. Usitie machicha, yatakuletea ukavu mdomoni. Geuza dakika 3, maji yakauke, ipua. Kamulia ndimu nzima baada ya kuipua.

Hiyo nazi inakuwa waridi, haradali inapasuka mdomoni, na ile ndimu ya mwisho ndiyo inayofanya mtu aulize umeweka nini. Tunakula na wali mweupe na samaki wa kukaanga. Mume wangu, ambaye alikuwa na maneno kama ya mumeo, sasa huuliza mwenyewe kama kuna "ile nyekundu". Ukitaka iwe na mchuzi, badala ya nazi ya kukuna tia tui zito mwishoni, lisichemke sana, na badala ya ndimu tumia maji ya ukwaju. Iko karibu na mchuzi wa biringanya kwa namna inavyokaa kwenye wali.

La pili linatoka mbali zaidi. Mjomba wangu alisomea Kyiv miaka ya 1980, enzi za Muungano wa Kisovieti, na aliporudi alikuja na supu moja ambayo sisi watoto tulidhani ni ya damu. Ni borshi. Kule Ukraine supu hii ni jambo la heshima, hata UNESCO mwaka 2022 iliuingiza upishi wake kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, wakati nchi iko vitani. Mjomba alituambia kila nyumba kule ina yake, na yeye alikuwa na yake ya Lushoto. Unachemsha nyama ya ng'ombe yenye mfupa hadi ilainike, unatia viazi mbatata na kabichi. Pembeni, kwenye kikaango, unakaanga kitunguu, karoti na bitiruti mbichi iliyokwaruzwa, unatia nyanya 2 zilizosagwa na kijiko kimoja cha siki. Siki lazima iingie hapo kwenye kikaango, mapema, kabla bitiruti haijakutana na supu. Ndiyo inayoifunga rangi. Viazi vikikaribia kuiva ndipo unamimina kikaango chote kwenye sufuria, dakika 10, unaipua na kuiacha itulie. Kule hutia juu yake krimu chachu. Sisi tunatia kijiko cha mtindi mzito na giligilani. Kwa baridi ya Lushoto ya mwezi wa saba, sijui supu inayoishinda, na kesho yake inakuwa tamu zaidi.

Unaona jirani wa Kerala na mjomba wa Kyiv hawakuwahi kukutana, lakini wote wawili wana kitu kichachu mkononi.

Kachumbari nayo usiisahau. Bitiruti moja mbichi uikwaruze kama karoti, embe bichi nusu nalo ulikwaruze, kitunguu kilichooshwa kwa chumvi, pilipili, ndimu. Iache dakika 10 ndipo uile. Ukiipeleka mezani na pilau, iweke bakuli lake peke yake, maana ikimwagikia wali sahani nzima inageuka. Au bitiruti iliyochemshwa uikwaruze ndani ya mtindi mzito wenye chumvi na bizari nyembamba iliyokaangwa kavu na kutwangwa. Hiyo huliwa na biriani kwa raha sana.

Kwa watoto, katlesi. Ponda viazi mbatata 4 na bitiruti 1 iliyochemshwa na kukamuliwa maji kwa kitambaa, usipokamua zitapasuka kwenye mafuta. Tia chumvi, tangawizi, karanga zilizokaangwa na kutwangwa nusunusu, ndimu, giligilani. Tengeneza, chovya kwenye yai, zungushia chenga za mkate, kaanga. Mwanangu wa miaka 6 anaziita "katlesi za sikukuu". Chapati pia: bitiruti iliyosagwa na ndimu kijiko kimoja ndiyo unakandia unga badala ya maji. Zinatoka waridi, ukizichoma kwa moto wa wastani. Moto mkali unazifanya kahawia. Ladha, kusema kweli, haibadiliki sana. Ni rangi tu inayowavuta watoto.

Majani! Hapa naumia kila nikienda sokoni. Wauzaji wengi wanayakata na kuyatupa, au anayabeba mwenye mbuzi. Bitiruti ni wa ukoo mmoja na mchicha na spinachi, na majani yake machanga ni mazuri kuliko spinachi ya bustani kwa maoni yangu, yana utamu kidogo. Mwambie muuzaji wako asikate. Vikonyo vikate vidogo uvitangulize kwenye kitunguu na nyanya dakika 5, kisha majani, kisha karanga zilizosagwa ulizokoroga kwa maji, au tui. Kwa ugali. Fungu moja linakupa mboga za siku mbili, mizizi leo na majani kesho, na hela ni ileile.

Ukiwa nazo nyingi, tia achari. Vipande vya bitiruti iliyochemshwa kwenye chupa safi, umwagie siki vikombe 2 iliyochemka na maji kikombe 1, sukari vijiko 3, chumvi kijiko kidogo, karafuu 5 na kijiti cha mdalasini. Weka kwenye friji, uanze kula siku ya tatu. Ikipungua, tumbukiza mayai ya kuchemsha yaliyomenywa kwenye ile siki, kwenye friji hivyohivyo, siku mbili. Yakikatwa, pembeni yana rangi ya zambarau na kati ni manjano.

Sasa kuhusu "kuongeza damu", kwa kuwa umesema ndiyo sababu uliinunua. Bitiruti ina foleti, na foleti mwili huitumia kutengeneza damu, hasa kwa mjamzito. Ila madini ya chuma iliyo nayo si mengi, na wekundu wake hauhusiani na wekundu wa damu. Kama mtu amepimwa akaambiwa damu imepungua, anywe dawa aliyopewa na ale maini, dagaa na maharage. Bitiruti iwe chakula chake pembeni. Mwenye presha anayemeza vidonge, au mwenye historia ya mawe kwenye figo, amuulize daktari kabla ya kunywa juisi yake kila siku. Kwenye sahani ya kawaida sina wasiwasi.

Na uwaambie mapema watu wa nyumbani kwamba baadhi yao mkojo au choo kitakuwa chekundu siku ya pili. Mama mkwe wangu hakuambiwa. Alilia usiku kucha akijua ni ugonjwa mbaya, asubuhi tukamkimbiza zahanati, na yule mhudumu swali lake la kwanza lilikuwa amekula nini. Rangi imepita tu, haina madhara. Lakini ikiendelea baada ya siku mbili bila kula bitiruti, hapo nenda kapime.

Kwa hizo zako zilizo kwenye friji: kama zimeanza kulegea lakini hazijaoza, ziloweke kwenye maji ya baridi saa mbili, zitakaza kidogo, uzipike na nazi leo usiku. Na fungu lijalo, kata majani ukifika tu nyumbani, maana yakibaki yanafyonza maji ya mzizi. Majani yafunge kwenye kitambaa kibichi uyale ndani ya siku mbili. Mizizi usiioshe, iweke na udongo wake kwenye mfuko ndani ya friji, sehemu ya chini, inakaa wiki mbili na zaidi.