Si lazima mbwa jike azae kwanza ndio umfunge uzazi

Dadangu, hiyo maneno umeambiwa ya ati mbwa jike lazima azae mara moja kwanza ndio afungwe uzazi usiiskize, haina msingi. Huyo wako wa miezi 7 ni sawa kabisa kumfunga kama ni mbwa wa mwili wa kawaida, na ukimfanyia kabla hajaingia joto (ule wakati anataka dume) mara ya kwanza unampunguzia sana hatari ya saratani ya matiti, lakini kama ni wale wakubwa kama German Shepherd muulize daktari wa mifugo kwanza juu wengi husema ungoje afikishe mwaka hivi mifupa ikomae. Chenye huniogopesha zaidi ukimwacha bila kumfunga ni kizazi kujaa usaha, hiyo huja wiki chache baada ya joto, unaona anakunywa maji ovyo, chakula hataki, analamba nyuma kila saa, na ukichelewa anakufa. Alafu akizaa watoto 8 utawapeleka wapi hapo Kayole? Wengi huishia tu jalalani. Bei ikikusumbua ongea na KSPCA, lile shirika la kutunza wanyama, pale Lang'ata Road. Na ile kola ya plastiki ya shingoni atavishwa baada ya upasuaji asilambe kidonda, usimvue mpaka kipone, hata akikulilia usiku kucha, tafadhali.