Ukikuta "hematopoesisi" kwenye majibu ya vipimo

Hematopoesisi si ugonjwa. Naanza na hilo kwa sababu nilipokuwa namuuguza dada yangu, neno hili lilitokea kwenye majibu ya kipimo cha uboho, yaani ute laini ulio ndani ya mifupa, na nusu ya ukoo ikaanza kulia kwenye simu. Maana yake ni utengenezaji wa damu tu, kazi ambayo mwili unaifanya usiku na mchana. Cha kuangalia ni maneno yaliyo pembeni yake: ni ya kawaida, imepungua, imezidi, au inafanyika nje ya uboho.

Kwa mtu mzima, damu hutengenezwa kwenye uboho mwekundu, hasa wa nyonga, uti wa mgongo, mbavu na kidari. Mtoto akiwa tumboni, ini na bandama nazo huifanya kazi hiyo. Zikiirudia ukubwani, daktari atataka kujua uboho umepatwa na nini.

Sasa ushauri. Ukiambiwa damu imepungua, usikimbilie vidonge vya kuongeza damu. Uliza kwanza: haitengenezwi, au inatengenezwa kisha inapotea? Kipimo cha retikulosaiti, yaani seli nyekundu changa, husaidia kujibu. Zikiwa nyingi, uboho unajitahidi, na huenda damu inavuja mahali au seli zinavunjika mapema. Zikiwa chache ilhali damu iko chini, utengenezaji ndio uliolegea. Pengine madini ya chuma, foliki asidi au vitamini B12 havitoshi. Pengine ni figo, maana ndizo zinazotoa erithropoietini, homoni inayouamuru uboho uzalishe seli nyekundu. Mgonjwa wa figo mara nyingi hatoshelezwi na chuma peke yake. Na mwenye seli mundu aliyeongezewa damu mara nyingi huenda tayari ana chuma kupita kiasi! Kwa hiyo vidonge vya jirani viache kwa jirani.

Kama kweli ni chuma, usivimeze na chai, na usiache ukianza tu kupata nguvu. Madaktari wengi hutaka uendelee kwa miezi 3 hivi baada ya damu kurudi sawa, ili akiba ya mwili ijae.

Kwa anayetibiwa saratani kwa kemotherapia, jambo hili ni zito zaidi. Seli nyekundu huishi siku 120 hivi, chembe sahani (zinazogandisha damu) siku 7 hadi 10, na baadhi ya seli nyeupe, ambazo ndizo kinga ya mwili, muda mfupi zaidi ya hapo. Dawa ikiuzubaisha uboho, kinga hushuka mapema, mgonjwa akiwa bado hata hajapauka. Homa kipindi hicho si ya kulalia panadol ukisubiri asubuhi. Mpeleke hospitali usiku huohuo.

Na majibu ya zamani usiyatupe. Daktari akiona seli nyekundu, seli nyeupe na chembe sahani zote zinashuka kwa pamoja, atauchunguza uboho wenyewe, na atataka kujua zilianza lini.