Chumvi, Nguo na Majahazi: Maswali Yenu Kuhusu Kutch

Kutch iko Gujarat, magharibi kabisa ya India, mpakani na Pakistan. Familia nyingi za Kihindi za Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam asili yao ni huko. Ramani za serikali huandika Kachchh, kwa hiyo ukitafuta hoteli jaribu tahajia zote mbili.

Nitakuwa Mumbai kikazi mwezi wa nane, nina siku tatu za ziada. Nikimbie Kutch nikaone jangwa jeupe? (Msomaji, Nairobi)

Usiende. Mwezi wa nane hakuna jangwa jeupe, kuna maji na matope. Rann ni tambarare inayofunikwa na mvua za Juni hadi Septemba pamoja na maji ya bahari. Jua likishayakausha ndipo ganda la chumvi linapobaki. Novemba bado zipo sehemu zinazotitia. Desemba hadi Februari ganda limekaza, na usiku wa mbalamwezi ndio wenyewe. Chukua sweta, kwani usiku wa Januari una baridi kweli. Mei joto hupita nyuzi 40.

Tena siku tatu hazitoshi. Treni ya usiku kutoka Mumbai hadi Bhuj, mji mkuu wa Kutch, huchukua kama saa 15, kwa hiyo kwenda na kurudi kunakula sehemu kubwa ya safari. Tenga siku tano za kulala Bhuj. Tiketi hufunguliwa siku 60 kabla. Ukiona WL (orodha ya kusubiri) ujue uko kwenye foleni, huna kitanda: tiketi ya mtandaoni ikibaki WL mpaka orodha ya abiria itoke, hujifuta yenyewe. RAC (unangoja wengine wafute safari) ni afadhali. Unapanda, ila unaanza safari kwa kugawana kitanda na mwenzio.

Kibali cha kuingia Rann kinapatikana wapi? (Msomaji, Arusha)

Kinaombwa mtandaoni au kwenye kizuizi cha Bhirandiyara, njiani kutoka Bhuj kwenda Dhordo, kijiji kilicho ukingoni mwa jangwa jeupe, kwa ada ndogo. Beba pasipoti pamoja na nakala zake na za viza. Droni na simu ya setilaiti acha nyumbani, na usielekeze kamera kwa askari wa mpakani.

Nataka kununua nguo za ajrakh nije kuuza. Nitajuaje kama ni za mkono au za mashine? (Msomaji, Zanzibar)

Kwanza jua ajrakh, nguo ya Kutch inayopigwa chapa kwa vibao, inavyotengenezwa, maana dosari za kazi ndizo ushahidi. Kitambaa hufuliwa, kisha hulowekwa kwenye mchanganyiko wa mafuta ya nyonyo, magadi na samadi ya ngamia ili kinywe rangi vizuri. Hufuata maji ya harda, tunda kavu linalokigeuza manjano. Baadaye fundi hupiga chapa kwa kibao cha mti kilichochovywa chokaa na gundi ya mgunga. Palipokaa gundi rangi haiingii, na hiyo ndiyo mistari myeupe unayoiona. Nyeusi hutokana na vyuma chakavu vilivyolowekwa na sukari guru. Panapotakiwa nyekundu huchapwa shabu, kisha nguo huchemshwa kwenye rangi. Buluu ni nili, na nguo hutumbukizwa kwenye pipa lake zima zima. Hatua hupita kumi, na baina yake kuna kufua na kuanika. Mtu akikuambia atakuchapia doti hamsini kwa siku mbili, muage.

Sasa itandaze nguo juani. Fuata ua moja lilipojirudia: mkono wa mtu huacha mwachano mdogo pale kibao kimoja kinapokutana na kingine, mara mstari umepanda, mara wino umezidi. Mashine haikosei, au hurudia kosa lilelile kila baada ya hatua ileile. Kisha geuza. Rangi ya mapipa hupenya, lakini ya mashine huacha mgongo umepauka. Usitegemee mtihani wa kusugua kwa kitambaa cheupe chenye maji, kwani nili halisi nayo huachia kidogo.

Nenda Ajrakhpur, kilomita chache kutoka Bhuj. Kijiji hicho kilianzishwa baada ya tetemeko la 26 Januari 2001. Mafundi wengi wa ukoo wa Khatri walikuwa Dhamadka, lakini maji ya huko yaliharibika, chuma kikazidi, na chuma kikizidi nyekundu hufifia ikawa kama kutu. Asubuhi ndiyo saa nzuri, kazi ikiwa imeshika moto. Ukirudi waambie wateja wako wafue kwa maji baridi, nguo peke yake, waanike kivulini.

Jambo la bei: huko *lakh* ni laki yetu hiihii, 100,000. Lakini wakiandika tarakimu huweka mkato kabla ya tarakimu tatu za mwisho, kisha kila baada ya mbili, 1,50,000, na macho ya mgeni husoma elfu kumi na tano. Hesabu sifuri kabla hujakubali.

Ni kweli majahazi bado yanaundwa Mandvi, ile bandari ya Kutch? Na Wasidi ni akina nani? (Msomaji, Lamu)

Kweli, kandokando ya mto Rukmavati, kama kilomita 60 kutoka Bhuj. Kotia, aina ya jahazi mlizozijua pwani, zilitoka pande hizo. Siku hizi huwekwa injini, lakini mkuku, mataruma na mbao bado vinapangwa kwa mkono, na kalafati ni ya pamba. Chombo kikubwa huchukua miaka, hivyo huenda ukakuta mbavu tupu zimesimama mchangani, na hilo lina uzuri wake kuliko chombo kilichomalizika. Omba ruhusa kabla ya kupita chini ya jukwaa la mafundi.

Umeuliza pia kuhusu Wasidi. Ni wazao wa Waafrika waliofika India karne nyingi zilizopita, wengi wao kwa utumwa. Wako sehemu mbalimbali za Gujarat, na ngoma yao huitwa goma. Usitarajie Kiswahili, na usifike mlangoni kwa mtu ukamwambia akuchezee.

Mimi ni Mwislamu na nakula nyama. Nitashiba? (Msomaji, Kigoma)

Utashiba, ila nyama utaitafuta. Hoteli nyingi ni za mboga tupu. Nyama halali ipo mitaa ya Waislamu ya Bhuj. Mlo wa kila siku ni *rotlo* wa uwele, mchuzi wa biringanya na mtindi mwepesi wa kunywa. Mjini onja *dabeli*, iliyozaliwa Mandvi: mkate wa duara uliojazwa viazi vya viungo, karanga na punje za komamanga. Pombe imepigwa marufuku jimbo zima; mgeni anayeitaka huomba kibali maalumu.

Kadi ya homa ya manjano wanaiangalia kweli? (Msomaji, Bujumbura)

Wanaiangalia. Anayetoka Burundi, Kongo, Uganda au Kenya bila kadi anaweza kutengwa hadi siku 6, kwa hiyo likizo yote inaishia karantini. Chanjo huanza kuhesabiwa siku 10 baada ya kuchomwa. Ukichomwa leo ukasafiri keshokutwa, kadi hiyo haitambuliwi.