Barua kwa mwanangu: jina la aliyechonga

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, na mama yako anakusalimu sana. Umeniuliza kuhusu ile picha ya Jenerali Andrew Jackson uliyoiona huko Philadelphia, iliyochorwa kwa rangi na Thomas Sully kisha ikachongwa na James Barton Longacre ili ichapwe kwa wingi: kati ya hao wawili, picha ni ya nani? Naomba nianze na Longacre, kwa sababu Sully hajawahi kukosa wa kumsemea.

Alizaliwa Pennsylvania mwaka 1794, akatoroka nyumbani akiwa na miaka 12, mama yake amefariki na baba ameoa tena, akalelewa na muuza vitabu wa Philadelphia ambaye baadaye alimruhusu akajifunze uchongaji. Kazi yenyewe haitaki haraka. Uso hujengwa kwa vitone, kimoja baada ya kingine, kwa ncha ya chuma juu ya bamba la madini, na kwa kinyume, ili bamba likishapakwa wino na kufutwa, wino uliobaki vishimoni uhamie kwenye karatasi yenye unyevu na uso utokee upande wake sahihi. Kati ya 1834 na 1839 yeye na James Herring walitoa majuzuu manne ya picha na maisha ya Wamarekani mashuhuri, lakini msukosuko wa fedha wa 1837 ukamfilisi, akawa akitembeza vitabu vyake mwenyewe mji hadi mji.

Nimekwambia tangu ukiwa shuleni na leo narudia: mkono uliofanya kazi una haki ya kutajwa. Kile kitabu cha jiografia ambacho mama yako amekihifadhi sandukuni, pleti za ramani zake, yaani mabamba ya kuchapia, nilizirekebisha mimi, mto kwa mto, kwa brashi ya nywele chache. Kwenye prufu, ile nakala ya majaribio, jina langu lilikuwapo. Kitabu kilipotoka halikuwapo tena, na msimamizi akanijibu, mbele ya vijana niliokuwa nawafundisha, kwamba fundi haandikwi. Neno lile bado linanichoma.

Labda navuta upande wangu mno. Mito ile sikuipima mimi. Yupo mpima ardhi aliyeikanyaga kwa miguu, na yeye pia hakuandikwa.

Longacre alipigania nafasi yake. Mwaka 1844 alifanywa mchongaji mkuu wa kiwanda cha sarafu cha serikali ya Marekani, mahali ambapo Franklin Peale, mkuu wa upigaji sarafu, alimwekea vikwazo hadi mkurugenzi akataka aondolewe. Akasafiri hadi Washington kujitetea kwa Waziri wa Fedha, akabaki kazini mpaka alipofariki tarehe 1 Januari 1869. Kwenye dola 20 ya dhahabu aliweka herufi JBL shingoni mwa sanamu, na mwaka 1864 herufi L ndogo mno iliingia kwenye utepe wa kichwa kilichochongwa kwenye sarafu ya senti moja. Nilipolisoma hilo nilifurahi kama vile wameniandika mimi.

Ulimi unaniwasha niseme picha ni ya Longacre. Lakini bila Sully asingekuwa na uso wa kuchonga, na wewe ndiye uliyesimama mbele yake, si mimi. Kaiangalie tena kwa kioo cha kukuzia, uanze na macho na pembe za mdomo, kisha uniandikie umeona mkono wa nani.

Baba yako