Unarudi kwenye tai chi? Usishuke chini!

Mkuu, hiyo ratiba yako iache kabla hujaianza. Umesema ulijifunza fomu ya hatua 24 ya tai chi, yale mazoezi ya Kichina ya mwendo wa polepole yanayofuatana kwa mpangilio mmoja, ukiwa masomoni Wuhan, China, ukarudi nyumbani ukaiacha miaka sita, na sasa una miaka 44 unataka kuirudisha haraka: fomu nzima mara kumi kila asubuhi, kwa kufuata video ya kijana anayeshuka mpaka paja linakaribia kulala kwenye nyasi. Mimi nilirudi kwa njia hiyo hiyo. Hadi leo nikishuka ngazi nashika ukuta.

Nilijifunzia Guangzhou, kwa wazee wa bustani ya Yuexiu, enzi nahangaika na mizigo Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika kule kule. Niliporudi Dar biashara ikanimeza, fomu ikalala. Siku nilipoamua kuanza tena nilishangaa: mikono ilikumbuka karibu kila kitu. Baada ya hatua inayoitwa mikono ya mawingu unakuja mjeledi mmoja, baada ya mjeledi unampapasa farasi, inajiendea yenyewe. Hapo ndipo watu wanapoumia. Mfuatano unarudi ndani ya siku chache, ukiona unatiririka unaamini mwili nao umerudi. Paja halijarudi. Nyonga zimekakamaa kwa kukaa ofisini na kwenye foleni. Kano za goti ndizo za mwisho kabisa kuzoea, zinachelewa kuliko misuli, kwa hiyo hata wiki unayojisikia una nguvu, zenyewe bado.

Nikajiunga na kundi la mazoezi la asubuhi. Mwalimu wao, simtaji, alikuwa na usemi wake: goti likiuma ni kutu inatoka, shuka zaidi. Nikamwambia maumivu yako ndani ya goti, upande wa ndani, si kwenye msuli. Akanijibu mbele za watu kwamba chini ndipo penye faida na juu ni pa wazee. Bado nina hasira naye. Mtu anakuja kwako kutafuta afya, anakuonyesha kwa kidole mahali panapouma, unamwongezea mzigo pale pale! Na alikuwa anachukua ada ya mwezi.

Lililonimaliza ni hatua ya 16 na 17, nyoka anayetambaa chini. Unaijua: unakalia mguu mmoja mpaka chini, mwingine umenyooka pembeni, halafu unainuka unasimama kama jogoo kwa mguu mmoja. Nikiwa chini kabisa nikageuza kiwiliwili, nyonga ikagoma kuzunguka, unyayo umenata kwenye sakafu. Msokoto ukaishia kwenye goti. Nikasikia kama kitu kimekatika kimyakimya, jioni goti likajaa maji. Kipimo cha MRI kikaonyesha gegedu la ndani limechanika. Magongo, fiziotherapia, pesa ya mzigo mzima wa dukani ikaishia huko. Yule mwalimu hakupiga hata simu.

Sikiliza kinachotokea. Goti ni kama bawaba ya mlango: limeumbwa kukunja na kukunjua, kujisokota linaweza kidogo sana. Mzunguko wa tai chi unatakiwa utoke kwenye nyonga. Nyonga zikiwa ngumu, goti ndilo linalolipa. Na kadiri unavyoshuka ndivyo kilegesambwa, kile kifupa cha mbele ya goti, kinavyokandamizwa zaidi juu ya mfupa wa paja. Ongeza polepole yetu, ambayo tunaisifu siku zote: mguu mmoja unabeba mwili muda mrefu kuliko unapotembea barabarani. Zidisha mara kumi kila asubuhi. Nani alikwambia hayo ni mazoezi mepesi?

Kwa hiyo neno langu ni moja: simama juu. Magoti yalegee tu, kama mtu anayetaka kukaa kwenye kiti kirefu akaghairi. Hatua fupi. Goti lielekee kule vidole vya mguu vinakoelekea, lisianguke ndani, na ukitazama chini uone ncha ya kiatu mbele yake. Ukitaka kugeuza unyayo kwenye hatua za farasi mwitu au kupangusa goti, kaa kwanza nyuma, uzito uhamie mguu wa nyuma, ndipo ufungue vidole vya ule wa mbele ukiwa mwepesi. Fomu ya 24 ilipotungwa mwaka 1956 kutoka Yang, mmoja wa mitindo ya tai chi, ilitungwa ili umma wote uweze kuifanya. Wapo wa Yang ya kimapokeo wanaogeuza unyayo ukiwa na uzito, na wanajua wanachofanya. Wewe usiwaige sasa hivi. Yule nyoka mfanye akiwa amesimama: hamisha uzito, pitisha mkono, inuka. Wazee wangu wa Yuexiu wengi walimfanya hivyo, na walikuwa wanapanda ngazi za ile bustani kila siku ya Mungu.

Mpaka lini? Mpaka asubuhi ya pili yake goti liamke kimya, wiki baada ya wiki. Hapo shuka kidogo tu, halafu ngoja tena. Likiuma ndani au likivimba, panda juu siku hiyo hiyo na ukamwone daktari wa mifupa.

Najua atakuja mtu kusema naogopesha watu, tai chi inatibu magoti. Ni kweli inasaidia, hata mimi nimerudi kwa hiyo hiyo na siiachi. Utafiti wa Boston uliotoka 2016 uliwachukua watu 204 wenye magoti yaliyosagika, na wiki 12 za tai chi ziliwasaidia sawa na fiziotherapia. Lakini walikuwa mara mbili kwa wiki na mwalimu anawatazama, siyo fomu kumi kila alfajiri mbele ya simu. Wewe fanya moja, ipumzishe miguu, ukiweza fanya ya pili. Dakika zilizobaki simama tu wima, mikono kama umekumbatia mtungi, pumzi ishuke tumboni.

Uliuliza viatu. Hivi vya kukimbilia vyenye soli nene ya kung'ang'ania usivivae, hasa kwenye zege: mwili unageuka, kiatu kimebaki, na umeshajua nani anasokotwa katikati. Chukua raba bapa, soli nyembamba, inayoteleza kidogo ukizungusha kisigino. Za bei rahisi za Kariakoo zinatosha. Maswali yako mengine, la mtindo wa Chen, ambao ni mtindo mwingine wa tai chi, na la kundi la kujiunga nalo, wadau wengine watakujibu.