Uliza Mjomba: Ghala lilelile, mwajiri kila siku mpya

SWALI: Shikamoo Mjomba. Niko huku Uingereza nafanya kazi ghalani, nafungasha mizigo, kazi nilipata kwa ejensi. Msimamizi ni yuleyule na zamu ni zilezile ila kwenye slipu za mshahara jina la mwajiri linabadilika tu, Machi kampuni hii, Agosti nyingine, sasa hivi niko ya tatu na majina yenyewe hayaeleweki, kama mtu kafumba macho akabonyeza kibodi. Nikamuuliza mwenzangu ninayesimama naye, kumbe na yeye ana kampuni yake tofauti na yangu! Kodi wanakata kama kawaida. Hii ni nini, na je nitakuja kukamatwa mimi?
Mpwa wa ghalani

JIBU: Marahaba mpwa. Tulia kwanza, anayetafutwa hapo ni aliyepanga mchezo, wewe umetumika tu kama namba. Hizo wanaziita kampuni mwavuli ndogo. Kampuni mwavuli ya kawaida si haramu, inawaajiri watu wa ejensi na kuwalipa mishahara basi, tatizo ni hizi za kukatwakatwa vipande.

Sikiliza hesabu, maana utamu wote uko kwenye hesabu. Mwajiri huko, mbali na kile unachokatwa wewe, anatoa mchango wake wa bima ya taifa, na tangu Aprili 2025 ni asilimia 15 ya kila kinachozidi pauni 5,000 kwa mwaka. Mtu wa mshahara wa pauni 26,000 mwajiri anamlipia pauni 3,150. Sasa serikali ikaona wadogo wataumia, ikawapa nafuu kwenye mchango huo, ilianza 2014 ikiwa pauni 2,000, leo ni 10,500 kwa mwaka. Kampuni ya watu watatu kama huyo inadaiwa 9,450, nafuu inaimeza yote, hailipi hata senti. Vizuri kabisa, ndo ilivyokusudiwa. Ila chukua jamaa mwenye watu 300, akiwa kampuni moja anadaiwa pauni 945,000 na nafuu anapata mara moja tu, kwaiyo anafanyaje, anawagawa watatu watatu kwenye kampuni 100 za makaratasi na kila moja inaomba nafuu yake kana kwamba ni kaduka kanachojikongoja. Deni linakuwa sifuri! Ndo maana wewe na mwenzako mnasimama meza moja mna waajiri wawili.

Sheria inasema kampuni zenye mwenye mamlaka mmoja zinapata nafuu moja tu kwa pamoja, kwaiyo lazima wafiche mwenye mali. Hapo ndo wanaletwa wakurugenzi wa kukodi, mtu yuko nchi nyingine kabisa, kalipwa kidogo asaini, hajui hata mizigo gani mnafungasha. BBC mwaka 2021 ilifuatilia ikakuta maelfu ya kampuni za hivi zimeandikishwa kwa majina ya watu wa Ufilipino. Na hazidumu, mara nyingi hata mwaka na nusu haziishi, kabla HMRC, yaani watu wa kodi wa huko, hawajagonga mlango imekufa na nyingine imezaliwa. Jina lako linahamishwa tu kama kreti.

Wanachezea na VAT pia, kuna mpango wa wadogo wa kulipa kiwango kimoja bapa cha mauzo, ila tangu 2017 kampuni isiyonunua bidhaa za maana inalipa asilimia 16.5 ya jumla, VAT ikiwemo, yaani ukitoza 1,000 na VAT 200 unapeleka 198, zinabaki pauni mbili za soda. Anayetaka zaidi inabidi adanganye aina ya biashara, na wapo, unakuta kampuni ya vibarua imejiandikisha biashara ya ajabu ajabu.

Wewe unaumia wapi? Likizo, mpwa. Kila kampuni ikifa waulize siku zako za likizo zimeenda wapi, kuna ambao hawalipwi kabisa. Pia haki zinazotaka mtu awe amekaa na mwajiri mmoja muda fulani, wataanza kubishana wewe ni mgeni wa miezi mitatu. Fanya hivi: fungua app ya HMRC uone kama waajiri wote watatu wameripoti kodi uliyokatwa, linganisha na slipu, piga picha kila kitu. Idai kwa ejensi ile karatasi ya taarifa muhimu, tangu Aprili 2020 ni lazima wakupe kabla hujakubali masharti yao, inataja nani anakuajiri na makato yote. Mambo ya likizo wapigie Acas, wale wa kushauri haki za kazini, ni bure. Na HMRC wana fomu ya mtandaoni ya kuripoti, si lazima uweke jina. Tena ejensi isikwambie haiwahusu, kuanzia 6 Aprili 2026 mwavuli usipopeleka kodi ya mishahara deni linaweza kumfuata ejensi mwenyewe.

SWALI: Mjomba mi nina kampuni ya usafi hukohuko Uingereza, mhasibu kanishauri niigawe ziwe tatu zote zangu, eti nitakula nafuu mara tatu na nikwepe VAT. Nikubali?
Mzee wa mifagio

JIBU: Huyo mhasibu mwambie akuonyeshe kwa maandishi, utaona atakavyoanza kukohoa. Zote ni zako, kwaiyo nafuu ya mwajiri ni moja. VAT unaanza kujiandikisha mauzo yakizidi pauni 90,000, HMRC wakiona umegawa kijanja, ndoo zilezile, gari lilelile, simu ileile, wana uwezo wa kuamuru zihesabiwe biashara moja. Alafu kwenye kodi ya faida unajichoma mwenyewe, ile asilimia 19 ni ya faida isiyozidi pauni 50,000, ila kikomo kinagawanywa kwa idadi ya kampuni zako, ukiwa na tatu kila moja inabaki na 16,667 hivi, ikizidi hapo unaanza kupanda kuelekea 25. Na unamlipa mhasibu mahesabu matatu badala ya moja, sijui kama hilo alikwambia.